Alama zinazosikika bila kuonekana: Nyimbo za Lamu ndani ya programu za nota

Katika harusi ya Lamu, wanawake wanapopiga vugo, yaani zile pembe za nyati zinazogongwa kwa vijiti, hakuna anayewashikia karatasi ya kuwaonyesha mahali pa kupandisha sauti na mahali pa kuishusha. Sauti hupanda kwa kuwa mwimbishaji ameipandisha na wenzake wakamfuata. Hushuka kwa kuwa ubeti umefika penye maneno yanayotaka kusikiwa vizuri. Msichana hujifunza mambo hayo kwa kusimama karibu na mama zake na shangazi zake, mwaka baada ya mwaka, hadi yakamwingia.

Taabu huanza pale wimbo huohuo unapotiwa ndani ya kompyuta. Mwalimu wa muziki anayetaka kuuhifadhi, au mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika tasnifu, siku hizi hafanyi kazi hiyo kwa kalamu na rula pekee. Hutumia programu ya kuandikia nota, mathalani MuseScore, ambayo hupatikana bila malipo, au Sibelius na Dorico, ambazo huuzwa. Programu hizo zina faida moja ambayo karatasi haikuwahi kuwa nayo: zinaweza kuupiga wimbo ulioandikwa, mwandishi akausikia papo hapo na kugundua alipokosea.

Lakini kompyuta haijui harusi. Isipoambiwa lolote kuhusu nguvu ya sauti, huzipiga nota zote kwa kipimo kimoja, kama mtu anayesoma shairi bila kupumzika penye kituo. Ili wimbo usikike kama wimbo, mwandishi hulazimika kutia alama: herufi p kwa sauti ya chini, f kwa sauti ya juu, mp na mf kwa sauti za katikati, pamoja na ile mistari miwili inayofunguka kama mdomo wa samaki kuonyesha kwamba sauti inakua, au inayofumbika kuonyesha kwamba inafifia. Herufi hizo ni vifupisho vya maneno ya Kiitaliano, piano na forte, na wanamuziki wa dunia nzima huzisoma kwa maana hiyohiyo.

Hapo ndipo swali linapozuka. Alama aliyoitia mwandishi kwa ajili ya kuisaidia kompyuta, ikichapishwa kwenye karatasi, hugeuka kuwa amri kwa binadamu. Kwaya ya shule iliyo mbali na pwani, ambayo haijapata kusikia vugo hata siku moja, itaiona f juu ya ubeti wa tatu na kuamini kwamba hivyo ndivyo watu wa Lamu waimbavyo. Ikiwa wimbo huo umepangwa kwa sauti nne kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1927, na mwamuzi ana nakala mezani pake, kwaya yenye mwimbaji aliyelelewa Lamu na anayeimba kama alivyofunzwa nyumbani inaweza kupunguziwa alama kwa kosa la kutofuata maandishi. Mwenye wimbo ataonekana amekosea, na aliyeuandika juzi ataonekana ndiye mwenye kauli.

Njia ya kuepuka mkanganyiko huo imo ndani ya programu zenyewe, ingawa watumiaji wengi huipita bila kuijua. Alama za nguvu ya sauti zinaweza kufichwa. Alama iliyofichwa haichapishwi kwenye karatasi, lakini kompyuta huendelea kuitii. Msikilizaji husikia sauti ikipanda na kushuka. Msomaji wa karatasi huona nota, maneno na mapigo tu.

Ili kufahamu namna jambo hilo linavyowezekana, yafaa kukumbuka kwamba kwa kompyuta herufi f si herufi. Ni nambari. Mfumo wa MIDI, ambao viwanda vya ala za umeme viliafikiana kuutumia mwaka 1983, huipima nguvu ya pigo la nota kwa nambari ambayo kikomo chake cha juu ni 127. Katika matoleo ya tatu ya MuseScore, kwa mfano, p ilimaanisha 49, mp 64, mf 80, f 96, na ff 112. Umbo linaloonekana juu ya mistari ya nota na nambari iliyo nyuma yake ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kuficha ni kulifunika umbo na kuiacha nambari ikifanya kazi. Kufuta, kinyume chake, huviondoa vyote viwili, na wimbo hurudia ubapa wake wa awali.

Katika MuseScore mwandishi huichagua alama kwa kuibofya, kisha hubonyeza herufi V kwenye kibodi. Alama hiyo hubadilika kuwa ya kijivu kwenye kioo, ishara kwamba ipo lakini haitatokea kwenye karatasi wala kwenye faili la PDF. Akibonyeza V tena, hurudi. Kama wimbo una alama arobaini, hana haja ya kuzifuata moja moja: hubofya mojawapo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, huchagua vitu vyote vya aina ile kupitia menyu inayofunguka, na kuvificha kwa mpigo mmoja. Katika Sibelius vitufe vinavyobonyezwa pamoja kwenye kompyuta za Windows ni Ctrl, Shift na H. Dorico huliweka jambo hili katika kidirisha cha sifa za alama, na huacha kibandiko kidogo cha rangi kwenye kioo ili mwandishi asisahau kwamba mahali pale pana kitu kilichofichwa. Kibandiko hicho nacho hakichapishwi.

Wapo wanaotumia njia ya mkato, wakaipaka alama rangi nyeupe wakidhani wameificha. Hiyo ni njia mbaya. Alama nyeupe bado imekaa juu ya karatasi, na pale inapokutana na mstari wa nota au shina la nota huufunika, ikaacha pengo dogo ambalo msomaji hulidhania kuwa ni kasoro ya mashine ya kuchapisha. Kosa jingine la mara kwa mara ni kuificha herufi na kuisahau ile mistari ya kukuza sauti. Karatasi hutoka ikiwa na mdomo wa samaki unaofunguka kuelekea pasipo na kitu, na mwimbaji hubaki akijiuliza akuze sauti hadi wapi.

Ni rahisi mtu kudhani kwamba huu ni ujanja mpya ulioletwa na kompyuta, na kwamba maandishi ya muziki tangu zamani yalikuwa yakieleza kila kitu. Sivyo. Hata huko Ulaya alama hizi zilichelewa kuja. Giovanni Gabrieli, mtunzi wa Venice, ni miongoni mwa wa kwanza kuzichapisha, katika utunzi wake uliotoka mwaka 1597 ambao jina lake lenyewe linataja sauti ya chini na ya juu. Zaidi ya karne moja baadaye Johann Sebastian Bach, aliyefariki mwaka 1750, aliandika kurasa nyingi bila kuweka alama hizo ila mahali pachache. Wapigaji wake walikuwa karibu naye, na yale ambayo hakuyaandika waliyapata kwa kuambiwa. Katika karne ya 19 wahariri waliochapisha kazi zake walizijaza alama zao wenyewe, na wanafunzi wa vizazi vilivyofuata wakazifuata wakidhani ni za Bach. Wahariri wa karne ya 20 walifanya kazi kubwa ya kuzichambua na kuziondoa. Anayeunukuu wimbo wa Lamu leo amekaa kwenye kiti kilekile cha mhariri wa karne ya 19, tofauti ikiwa kwamba programu imempa njia ya kutolirudia kosa.

Lamu yenyewe ina uzoefu wa muda mrefu wa kuandika sehemu tu ya kile kinachosikika. Tenzi za Pate, Siu na Lamu ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo zina irabu tatu, fat-ha, kasra na dhumma, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kasra moja ilitumika kwa i na kwa e, na dhumma moja kwa u na kwa o. Kwa hiyo neno "pima" na neno "pema" yangeweza kuandikwa sawasawa, na msomaji akachagua kwa kuitazama maana ya mstari. Kuhusu mahadhi, yaani sauti ya kuuimbia utenzi, hapakuandikwa kitu. Utenzi wa Mwana Kupona, ambao aliutunga mnamo 1858 kwa ajili ya binti yake, ulinakiliwa mara nyingi, lakini anayetaka kujua unavyoghaniwa hana budi kuyapata mahadhi kwa aliyeyasikia.

Mfano ulio karibu zaidi na mjadala huu ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa mnamo 1855 na kufariki mwaka 1945. Huyu alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchongaji na mwandishi wa khati nzuri kwa wakati mmoja. Wataalamu wa Ulaya waliozitafuta tenzi za kale, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimtegemea awanakilie miswada, na sehemu ya kazi ya mkono wake imehifadhiwa London na Ujerumani hadi leo. Kijuma alijua kuimba na alijua kuandika. Hata hivyo, maneno yalisafiri kwa kalamu yake hadi maktaba za mbali, ilhali namna ya kuyaimba haikuweza kupita njia hiyo. Mtaalamu aliyepokea mswada akiwa Uingereza alipokea utenzi usio na sauti.

Laiti Kijuma angekuwa na programu ya nota, huenda angeacha alama za sauti, na huenda alama hizo zingekuwa na uzito mkubwa, maana zingetoka kwa mtu aliyeujua muziki wa mji wake kwa kuupiga. Jambo hili halipaswi kusahauliwa na wanaopendekeza kila alama ifichwe. Fundi wa jadi anapokaa kando ya mwandishi na kusema kwamba hapa sauti ni lazima ishuke, kauli yake ni sehemu ya wimbo, na alama yake inastahili kuonekana. Inayostahili kufichwa ni ile iliyotiwa kwa kukisia, au kwa sababu tu kompyuta ilisikika vibaya bila hiyo.

Siwa inaonyesha upande mwingine wa suala hili. Visiwa vya Lamu vina siwa mbili mashuhuri, ya Pate iliyotengenezwa kwa pembe za ndovu na ya Lamu iliyo ya shaba, mabaragumu makubwa yaliyokuwa alama ya utawala na ya sherehe za watu wenye daraja. Ile ya Pate ina urefu unaozidi mita mbili. Chombo cha namna hiyo hakikutengenezwa ili kunong'ona. Mwandishi anayeitia siwa katika programu akaiwekea f haongezi habari yoyote, kwa kuwa anayeijua siwa anajua ni ya kusikika mji mzima. Lakini kompyuta, ambayo pengine itaipiga kwa sauti ya tarumbeta kwa kukosa siwa, inaihitaji herufi hiyo, la sivyo matari yataimeza. Alama hiyo basi ni ya mashine peke yake, na mahali pake ni mafichoni.

Matari nayo yana mambo yake. Katika sherehe za Maulidi za kila Mfungo Sita, zinazouhusu sana Msikiti wa Riyadha na jina la Habib Swaleh, matari hupigwa na kundi lililojipanga safu, na ukubwa wa sauti hutokana na wingi wa mikono kuliko nguvu ya mkono mmoja. Alama za Kiitaliano zinaueleza mkono mmoja vizuri. Wingi wa mikono zinaueleza kwa shida. Mwandishi akiweka ff katika mstari wa tari moja, mpigaji mmoja darasani ataichapa ngozi kwa nguvu zake zote na kuupata mlio mkali usiofanana hata kidogo na ule wa safu nzima. Hapa maneno machache ya Kiswahili juu ya mstari, kwamba wapigaji ni wengi na hupokezana, hufaa kuliko herufi yoyote.

Hakuna wimbo unaoonyesha wazi zaidi kwamba nguvu ya sauti si mali ya nota peke yake kuliko wimbo wa taifa wa Kenya. Asili yake ni wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, majirani wa Lamu waishio kando ya Mto Tana. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliuchukua mlio huo na kuupanga kwa ajili ya taifa lililokuwa likikaribia uhuru. Wimbo uliokuwa wa kumlaza mtoto, ambao mama huushusha kadiri macho ya mtoto yanavyofumba, uligeuka kuwa wa kupigwa na bendi za shaba uwanjani huku watu wakisimama wima. Mlio unatambulikana kuwa ni uleule. Kilichobadilika sana ni nguvu ya sauti, na kilibadilika kwa sababu mahali, watu na shughuli vilibadilika. Anayetaka kuuandika wimbo wa kubembeleza kama walivyouimba Wapokomo hawezi kuchukua alama za bendi akazibandika juu yake.

Pamoja na faida zake zote, kuficha kuna hatari ambayo haina budi kutajwa, nayo ni kwamba kitu kilichofichwa husahaulika. Mwandishi humpelekea mwenzake faili, wala si karatasi. Mwenzake hulifungua, huona ukurasa safi usio na alama, na anapobonyeza kitufe cha kuupiga wimbo husikia sauti ikipanda katika ubeti wa pili. Asipojua kwamba pana alama zilizofichwa, anaweza kudhani kwamba kompyuta imeharibika, au, vibaya zaidi, kwamba kupanda huko kumo ndani ya nota zenyewe na ndiyo desturi ya Lamu. Karatasi haimdanganyi msomaji, lakini sauti inamdanganya msikilizaji, na wanafunzi wengi wa leo hujifunza kwa kuisikiliza kompyuta kabla ya kuisoma karatasi.

Hatari hiyo huongezeka faili linapohamishwa kutoka programu moja hadi nyingine. Mnamo Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, programu iliyokuwa sokoni tangu 1988. Waliokuwa wamehifadhi kazi za miaka mingi ndani yake walishauriwa kuhamia Dorico, na daraja la kuvukia ni umbizo liitwalo MusicXML, lililobuniwa ili programu za nota zipate kusomana. Umbizo hilo linaweza kuibeba nambari ya nguvu ya sauti bila kuibeba herufi, lakini kila programu hulitafsiri kwa namna yake. Baada ya kuhamishwa, alama zilizokuwa zimefichwa zaweza kujitokeza hadharani au kupotea kabisa. Mkusanyiko wa nyimbo uliohamishwa bila kukaguliwa waweza kutoka upande wa pili ukiwa na makisio ya mwandishi yamekaa juu ya nota kana kwamba yalikuwa hapo tangu zamani za Mwana Kupona.

Kwa sababu hiyo, anayeandika kwa ajili ya hifadhi na siyo kwa ajili ya wiki ijayo hutunza mafaili mawili. La kwanza ni la kazi, ambalo alama zake zote zinaonekana, zile za fundi na zile za mwandishi, kila kundi kwa rangi yake. Programu hizi zote huruhusu kuipa alama rangi. La pili ni la kusomwa na waimbaji, ambalo alama za mwandishi zimefichwa na za fundi zimeachwa. Juu ya ukurasa wa kwanza wa mafaili yote mawili huwekwa maelezo mafupi: nani aliimba, wapi, mwaka gani, nani aliandika, na kwamba kupanda na kushuka kwa sauti ya kompyuta ni makadirio ya mwandishi. Maelezo hayo huchukua mistari mitatu au minne, nayo hayafichwi.

Rekodi ya sauti ya waimbaji wenyewe huhifadhiwa pamoja na mafaili hayo kwa jina lilelile, ili atakayeyafungua baada ya miaka thelathini, kwa programu ambayo haijabuniwa bado, aweze kuisikiliza kompyuta, kisha awasikilize wanawake wenye vugo zao, na apime mwenyewe.